Picha ya marehemu baba niiingize kwenye shindano?

Shikamoo Mama Mshauri,

Nimesoma safu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba nami siku moja ningekuwa na la kuuliza. Jambo langu si la ndoa wala la wakwe. Ni la picha moja tu, lakini limeniweka mbali na dada yangu mkubwa kiasi kwamba siku hizi tukipigiana simu tunaulizana hali na kukata.

Mimi ni mwanamume mwenye familia changa. Siku za kazi niko ofisini na hesabu za watu, na wikendi napiga picha za harusi, mahafali na shughuli za kifamilia. Kamera niliinunua kwa kujinyima, na kazi hizi ndogo ndogo zimesharudisha pesa yake. Wateja hunisifu, ila sifa zao nimezizoea: bibi harusi akijiona amependeza, atasema picha ni nzuri. Sijapata mtu anayeijua picha, akae aangalie kazi yangu, aniambie, "Hapa umeweza, hapa bado."

Baba yetu alifariki mwaka jana baada ya kuugua sana. Miezi yake ya mwisho, mdogo wetu ndiye aliyekuwa akimnyoa ndevu kila Jumapili asubuhi, pale dirishani. Siku moja nilikuwa na kamera. Nikamwomba baba nipige, akajibu, "Piga, mwanangu, lakini unitoe vizuri." Nikapiga kadhaa. Kuna moja ambayo baba amefumba macho na kuinua kidevu. Mkono mmoja wa mdogo wangu una wembe, wa pili umemshika baba nyuma ya shingo kama anavyoshikwa mtoto mchanga ambaye shingo haijakaza. Mwanga unaingia kutoka upande mmoja tu. Sipendi kujisifu, lakini sijawahi kupiga picha kama ile, na sina hakika kama nitapiga nyingine.

Sasa rafiki yangu, naye mpiga picha, amenitumia tangazo la shindano la kimataifa linalofanyika mtandaoni. Mada yao ni "Familia". Nilipoisoma tu nikaiona ile picha. Lakini ada inalipwa kwa kila picha, na ukitaka picha hiyo hiyo iingie vipengele viwili unalipa mara mbili. Kwangu hiyo ni pesa ya kazi ya wikendi nzima. Siku ya mwisho ya kupokea picha ilikuwa mwezi uliopita, wakaisogeza, kisha wakaisogeza tena, na kila wakiisogeza ada inapanda kidogo. Mshindi wa kwanza atapata pesa. Wengine wameahidiwa vyeti, nafasi kwenye kitabu cha picha bora, na "maonyesho ya kimataifa".

Nikafungua vigezo na masharti. Kuna mahali pameandikwa kwamba kwa kuwasilisha picha, mshiriki anawapa waandaaji na washirika wao leseni ya kudumu, isiyo na malipo na inayoweza kuhamishwa, ya kuitumia picha kwa madhumuni yoyote yakiwemo matangazo, popote duniani. Rafiki yangu anasema maneno hayo yapo kila shindano na hakuna anayeyasoma. Anasema pia kwamba milango haimfungukii mtu anayengoja nyumbani.

Mke wangu ameniambia pesa hiyo ina kazi nyingine, ila hatanizuia. Mama anasema tufanye tunavyoona. Dada ndiye aliyewaka. Alipoisikia habari hii alisema, "Baba hakuumwa ili watu washindane naye," na kwamba nikiituma nitakuwa nimemuuza. Maneno hayo yaliniuma sana. Mimi ndiye niliyekuwa pale na kamera, mimi ndiye niliyemwomba ruhusa, na yeye wakati huo alikuwa anaishi mbali na sisi. Kuna saa nafikiri anaona wivu kwa kuwa hakuwepo.

Kuna na jambo jingine dogo. Nilipoisafisha picha nilifuta waya wa umeme uliokuwa ukining'inia ukutani nyuma ya kichwa cha baba. Sijui kama hilo lina tatizo.

Nisipoingia, naogopa nitabaki mpiga picha wa harusi maisha yangu yote. Nikiingia nikashindwa, sijui nitaiangaliaje tena ile picha. Siku zimebaki chache. Naomba unisaidie kufikiri.

Ni mimi,
Mwenye Picha Moja

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na baba. Mwaka mmoja si mwingi, na katika barua yako msiba bado unasikika hata pale unapozungumzia ada na tarehe.

Nilipoanza kuisoma nilidhani unauliza habari za pesa. Nikaendelea, nikaona unauliza habari za dada yako. Nilipofika mwisho nikaona kuna swali la tatu ambalo ndilo linalokunyima usingizi: kama wewe ni mpiga picha kweli, na nani mwenye haki ya kukuambia. Maswali haya matatu yameshikamana kwa sababu yamekuja na tangazo moja, lakini kila moja lina njia yake. Niruhusu niyatenganishe kidogo, kisha utayaunganisha mwenyewe utakavyoona.

Nianze na shindano lenyewe. Ada peke yake haithibitishi kwamba kuna ulaghai, kama vile kutokuwepo kwa ada kusivyothibitisha wema. World Press Photo, shindano la picha za habari lililoanzia Uholanzi mwaka 1955, halitozi ada ya kuingia. Wildlife Photographer of the Year, la picha za wanyama na mazingira, lilianza mwaka 1965 na siku hizi linaendeshwa na Natural History Museum ya London. Hilo hutoza ada kwa watu wazima, na bado ni miongoni mwa mashindano yanayoheshimika sana. Kwa hiyo uliza pesa yako inanunua nini. Majaji wametajwa kwa majina, na ukiwatafuta unakuta kazi zao? Washindi wa mwaka uliopita wanaonekana? "Maonyesho ya kimataifa" yanaweza kuwa ukuta wa jumba la sanaa wenye picha zilizochapishwa vizuri, na yanaweza kuwa skrini inayopitisha picha mamia kwa jioni moja. Yote mawili yanaitwa kwa jina hilo hilo.

Kuna njia ya kujua ambayo haina gharama. Tafuta mtu mmoja au wawili walioshinda kwenye shindano hilo miaka iliyopita, si lazima wawe wa kwanza, uwaandikie ujumbe mfupi wa heshima. Waulize kama walilipwa walichoahidiwa, kama maonyesho yalifanyika, na kama cheti na kitabu walipewa au waliambiwa wavinunue. Wapiga picha wengi hujibu ujumbe wa namna hiyo kwa sababu nao walikuwa na wasiwasi kama wako. Usipompata hata mshindi mmoja, hilo nalo ni la kuzingatia.

Hilo la tarehe kusogezwa huku ada ikipanda linanitia mashaka, sikufichi. Tarehe huweza kusogezwa kwa sababu za haki. Lakini ikisogezwa mara mbili na bei ikapandishwa mara mbili, ni halali yako kujiuliza kama biashara ya waandaaji ni picha au ni ada. Angalia pia idadi ya watu wanaotajwa kuwa washindi, maana yapo mashindano yanayotoa "sifa ya heshima" kwa watu wengi mno, kisha wale wale wanageuka wateja wa vyeti na vitabu.

Sasa hicho kipengele cha leseni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona wewe na rafiki yako mmekipita haraka, na kwangu hiki ni kizito kuliko ada. Ada ukiilipa imeisha. Leseni haiishi.

Picha ni yako tangu ulipobonyeza kitufe. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa unaolinda kazi za sanaa na uandishi, uliowekwa mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, hakimiliki haingoji mtu aende kusajili mahali. Shindano halihitaji kukunyang'anya umiliki huo ili lifaidike na picha yako, leseni inatosha. Soma tena maneno uliyoninukulia, polepole. Ya kudumu: hakuna siku itakayofika mwisho. Inayoweza kuhamishwa: waandaaji wanaweza kumpa mwingine ambaye humjui, naye akaitumia bila kukuuliza. Madhumuni yoyote yakiwemo matangazo: uso wa baba yako, akiwa amefumba macho na ananyolewa, unaweza kutokea kwenye tangazo la wembe, la dawa, la bima, la kitu chochote, na usiwe na pa kushtaki kwa sababu ulikubali. Kisha rudi kwenye maneno ya mwanzo kabisa: "kwa kuwasilisha". Hawakusema kwa kushinda. Picha iliyoshindwa katika mchujo wa kwanza imetoa haki zile zile zilizotolewa na picha ya mshindi. Ukishaituma, kuiondoa kwenye shindano hakufuti leseni kama masharti hayasemi hivyo.

Rafiki yako ana ukweli kiasi: maneno ya namna hii ni ya kawaida. Lakini hayapo kila mahali. Yapo mashindano yanayoomba kutumia picha za washindi tu, kwa ajili ya kulitangaza shindano na maonyesho yake, kwa muda unaotajwa, na jina la mpiga picha likiandikwa kila inapotokea. Tofauti ya hayo na ya kwako ni kubwa. Unaweza kuwaandikia waandaaji ukauliza kama wako tayari kuweka mipaka hiyo kwa maandishi. Wanaweza wasikujibu kabisa. Wanaweza pia kukujibu kwa maneno matamu huku masharti yakibaki yalivyo, na yanayokufunga ni masharti. Lakini namna wanavyompokea mtu anayeuliza itakufahamisha mambo mengi.

Sasa tuje kwa dada yako, na hapa naomba univumilie. Umeandika kwamba kuna saa unafikiri ni wivu. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba amesikia jambo ambalo wewe, kwa kuipenda picha yako, hulisikii vizuri. Sina namna ya kujua, na nadhani wewe pia hujui, kwa kuwa kutokana na barua yako hamjaizungumza, mmejibizana tu. Aliposema "umemuuza", je, alikuwa anajua habari za leseni? Kama hakujua, basi moyo wake ulimpeleka karibu sana na kile kilichoandikwa. Kama alijua, basi hoja yake ina msingi wa karatasi na si hasira tupu. Na yeye naye inafaa aelezwe kwamba kushindanisha picha si kumshindanisha baba, na kwamba watu wengi huonyesha picha za wazazi wao kwa heshima kuu. Kutokuwepo kwake siku zile za mwisho huenda ni kidonda anachokiuguza peke yake. Ukikigusa kwa kumkumbusha nani alikuwepo na nani hakuwepo, mtaacha kuzungumza juu ya picha.

Baba alisema, "Piga, mwanangu, lakini unitoe vizuri." Wewe umeyachukua maneno hayo kuwa ruhusa, na ni ruhusa kweli. Ila ni ruhusa ya nini? Alikuwa anazungumza na mwanawe, chumbani kwake. Pengine angefurahi dunia nzima imwone. Pengine alifikiria albamu ya nyumbani tu. Na aliweka sharti, kwamba atolewe vizuri. Kutolewa vizuri kunaishia kwenye mwanga na namna ya kuinua kidevu, au kunaendelea hadi mahali picha itakapotundikwa na maneno yatakayoandikwa chini yake? Mimi naelekea kuamini kwamba kunaendelea, lakini wewe ndiye uliyeisikia sauti yake.

Kuna kisa kimoja katika historia ya picha ambacho hunijia kila ninaposikia swali kama lako. Mwaka 1936 Dorothea Lange, aliyekuwa akipiga picha kwa niaba ya serikali ya Marekani, alimpiga picha mama mmoja huko California, kibarua wa mashambani, akiwa na wanawe kwenye hema. Picha ile ikawa moja ya picha zinazojulikana zaidi duniani. Jina la yule mama, Florence Owens Thompson, lilikuja kujulikana hadharani mwaka 1978, na aliposema na waandishi wa habari alionyesha uchungu: alitamani asingepigwa picha ile, na hakupata hata senti moja kutokana nayo. Kama habari ingeishia hapo, ningesema dada yako ameshinda hoja. Lakini mwaka 1983 alipougua sana na watoto wake wakaomba msaada, watu wasiomjua walituma zaidi ya dola 30,000 na barua nyingi mno, kwa sababu ya picha ile ile. Watoto wake walisema ndipo walipoelewa jinsi mama yao alivyowagusa watu. Mama yule aliumizwa na picha, na baadaye picha ikamletea watu. Sioni namna ya kulifuta moja kwa kulitumia jingine.

Halafu kuna mtu ambaye katika barua yako yote ni mikono tu. Umenieleza maoni ya mke, mama, dada na rafiki. Mdogo wako anasemaje? Yeye yumo ndani ya picha. Ndiye aliyemnyoa baba Jumapili baada ya Jumapili, na huenda kwake ile si picha ya kupendeza bali ni kumbukumbu ya kazi ngumu aliyoifanya akiwa bado kijana. Mashindano mengi hutaka ridhaa ya maandishi ya watu wanaotambulika pichani, kwa hiyo hata kwa utaratibu tu utahitaji kumuuliza. Ningependa umuulize kwa sababu nyingine. Yeye na baba ndio waliokuwa wakifanya kitu pale, wewe ulikishuhudia. Anaweza kukwambia, "Tuma, nataka watu wamwone." Anaweza kukwambia hapana. Vyovyote atakavyosema, neno lake linaweza kukusogeza kuliko langu.

Sasa lile ulilolisema mwishoni, kwamba ukishindwa hujui utaiangaliaje tena ile picha. Nimelisoma hilo nikanyamaza kidogo. Maana yake ni kwamba unataka kumpa mtu usiyemjua uwezo wa kubadilisha thamani ya kitu ambacho sasa hivi unakijua thamani yake. Angalia majaji wanavyofanya kazi. Shindano kubwa hupokea maelfu ya picha, na katika mchujo wa kwanza kila moja hupata sekunde chache kwenye skrini. Picha tulivu kama yako inaweza kupitwa kwa sababu iliyotangulia ilikuwa na rangi kali, au kwa sababu kulikuwa na picha nyingine ya mzee na dirisha. Majaji ni watu wenye macho yao na uchovu wao. Mwaka 2023 Boris Eldagsen wa Ujerumani alipeleka kwenye Sony World Photography Awards taswira iliyotengenezwa kwa akili mnemba, ikachaguliwa mshindi katika kipengele kimojawapo, na ni yeye mwenyewe aliyeikataa tuzo na kusema kwamba alitaka mjadala uzuke. Sikuelezi haya ili uwadharau majaji. Nakueleza ili usiwabebeshe mzigo ambao hawakuuomba. Wao wanachagua picha za mwaka huo kwa mada hiyo. Hawajui kwamba wewe umewapelekea na swali la maisha yako.

Na lile unalolitaka hasa, mtu wa kukaa na kukwambia "hapa umeweza, hapa bado", shindano kwa kawaida halitoi. Utapata barua pepe yenye orodha ya majina, lako limo au halimo. Anayetaka jicho la mjuzi hulipata kwa mapitio ya kazi: unachagua picha zako, tuseme ishirini, zinazosema kitu kimoja, unampelekea mpiga picha mwenye uzoefu au mhariri wa picha, na mnazijadili. Vyama vya wapiga picha na matamasha ya picha hupanga vikao kama hivyo, vingine bure na vingine kwa malipo. Navyo vina hatari yake. Mjuzi mmoja ana ladha moja, na wengine wana ulimi mkali. Lakini mtu huyo unaweza kumuuliza kwa nini, na hapo ndipo mtu hujifunza.

Lakini sitaki nionekane ninayakataa mashindano. Yanamlazimisha mpiga picha kuchagua, kukata, kuandika maelezo na kumaliza kazi, na wengi wetu hatumalizi bila kusukumwa na tarehe. Wapo waliopata kazi kwa kuwa mhariri fulani aliona jina lao kwenye orodha ya fainali. Rafiki yako hakosei kabisa kuhusu milango. Swali ni mlango upi, na unaingia na nini mkononi. Unaweza kuingia shindano hili hili kwa picha nyingine, ambayo hata ikitumika kwenye tangazo hutaumia. Unaweza kuiweka hii ya baba ukasubiri shindano lenye masharti mapole. Kusubiri nako kuna gharama zake: yapo mashindano, hasa ya habari, yanayodai picha ya mwaka uliotangulia tu, ingawa mengi ya mada huria hayajali. Unaweza kuituma hii sasa hivi, ukikubali masharti macho wazi, na ukabeba ugomvi na dada. Na unaweza usiitume popote, lakini jihadhari na kinyongo, kwa maana picha iliyozuiwa na ndugu inaweza kukaa moyoni muda mrefu kuliko picha iliyoshindwa.

Kuhusu ule waya: soma kanuni zao za uhariri kabla ya lolote. Mashindano ya picha za sanaa huruhusu mengi. Ya habari na uhalisia hayaruhusu kuondoa wala kuongeza kitu, na huomba faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, kwa picha zinazofika mbali. Mwaka 2010 World Press Photo lilimnyang'anya mpiga picha Stepan Rudik tuzo yake kwa sababu kipande cha mguu wa mtu kilikuwa kimefutwa kwenye picha. Kitu kidogo kabisa, na picha ilikuwa nzuri. Kama kanuni zao zinakataza, toleo la kutuma ni lile lenye waya. Binafsi nadhani chumba chenye waya ukutani ni chumba cha watu wanaoishi humo, lakini hiyo ni ladha yangu tu.

Na hiyo hofu ya "kubaki mpiga picha wa harusi". Umeiandika kama adhabu. Nikuulize: mgonjwa anaruhusu nani amsogelee na kamera asubuhi, akiwa na povu kidevuni, na aendelee kufumba macho? Kule kujua kusimama karibu na watu bila kuwabughudhi umejifunzia wapi, kama si kwenye harusi na mahafali hayo? Sisemi ubaki huko. Unaweza kutamani zaidi, na ni vizuri utamani. Ila sidhani kwamba mtu aliyeipiga picha ile ni mtu mwingine na yule anayewapiga maharusi.

Siku zimebaki chache, umesema, kwa hiyo nikuachie la kufanya wiki hii. Ukiamua kutuma, hifadhi nakala ya masharti yalivyo siku hiyo, kwa kuwa hubadilishwa, na utume faili la ukubwa wanaoutaka tu, lile kubwa ubaki nalo. Na kabla ya kulipa, keti na dada na mdogo wako, ana kwa ana au kwa simu, uwaonyeshe picha zote za asubuhi ile, si hiyo moja. Mashindano karibu yote huomba sentensi chache za maelezo ya picha. Mwombe dada akusaidie kuziandika: baba alikuwa nani, nani anamnyoa, kwa nini watu wamwangalie. Mkizipata sentensi ambazo ninyi watatu mnaziridhia, mtakuwa mmeshazungumza yale ambayo hamjazungumza tangu msiba. Mkishindwa kuzipata, utakuwa umelijua hilo kabla hujatoa ada wala leseni.